Wabuddha wa Nyika ya Kalmykia

Leo twende Ulaya, ila siyo Ulaya ya Paris wala ya London. Twende kusini-mashariki kabisa ya bara lile, pale Urusi inapoteremka kuelekea Bahari ya Kaspi. Hapo pana nyika kavu, miti ya kuhesabu, upepo usiotulia na kondoo walio wengi kuliko watu. Nchi hiyo inaitwa Kalmykia. Ni mojawapo ya jamhuri zinazounda Shirikisho la Urusi. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 74,000, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu wapatao 267,000 tu. Mji wake mkuu ni Elista. Ukiingia Elista utaliona kutoka mbali hekalu kubwa lenye mapambo ya dhahabu, kimo chake mita 63, na ndani yake imewekwa sanamu ya Buddha yenye urefu wa mita 9.

Mtu akitaja Ubuddha wa Ulaya, wengi wetu huwafikiria wazungu waliochoshwa na pilikapilika za mjini wakaenda kujifunza kutafakari. Hao wapo, na sina neno baya nao. Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, alianzisha jumuiya ya Plum Village kusini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 1982, na watu wengi wamepata utulivu pale. Austria iliutambua Ubuddha kisheria mwaka 1983. Wapo pia Wavietnam, Wathai na watu wa Sri Lanka waliohamia Ulaya wakajenga mahekalu yao. Lakini Wakalmiki ni habari nyingine. Hao ni Wabuddha waliozaliwa na Wabuddha, kizazi baada ya kizazi, ndani ya Ulaya, kwa karibu miaka 400. Hakuna taifa jingine la Ulaya ambalo dini yake ya jadi ni Ubuddha.

Nimewachagua kwa sababu yaliyowapata yanahusu kila dini yenye wafuasi wachache, popote ilipo. Dola ikiitaja dini yako kwenye sheria zake, umepata nini hasa? Sheria ya Urusi ya mwaka 1997 kuhusu uhuru wa dhamiri na jumuiya za kidini, katika utangulizi wake, inautaja Ubuddha waziwazi, pamoja na Ukristo, Uislamu na Uyahudi, kuwa sehemu ya urithi wa kihistoria wa watu wa Urusi. Maneno ni mazuri. Mimi naamini kwamba maneno hayo peke yake hayajawahi kumlinda mtu, na nitakueleza kwa nini.

Wakalmiki ni Wamongolia kwa asili, wa kundi la Waoirati. Mwanzoni mwa karne ya 17 walitoka magharibi ya Mongolia na mifugo yao, wakasogea mwaka hadi mwaka kufuata malisho, hata wakafika mto Volga. Walikuja na dini yao, Ubuddha wa Kitibeti, na mahekalu yao yalikuwa mahema ya sufi yaliyobebwa na ngamia. Kaya zikihama, na hekalu linahama. Mwaka 1648 mtawa msomi aliyeitwa Zaya Pandita aliwatungia Waoirati maandishi yao wenyewe, akatafsiri vitabu vya dini kutoka Kitibeti ili watu wavisikie kwa lugha yao. Watawala wa Urusi waliwahitaji Wakalmiki walinde mipaka ya kusini, na kwa muda mrefu wakawaacha waabudu walivyotaka.

Lakini walowezi waliongezeka kando ya Volga, malisho yakabanwa, na mkono wa serikali ukazidi kuwa mzito. Januari 1771, kiongozi wao Ubashi Khan aliwachukua watu wengi, zaidi ya laki moja na nusu kwa makadirio ya wanahistoria, wakaanza safari ya kurudi mashariki. Wengi walikufa njiani kwa baridi, njaa na mashambulizi. Inasimuliwa kwamba majira yale mto haukuganda, ndiyo maana waliokuwa ng'ambo ya magharibi hawakuweza kuvuka kuwafuata wenzao. Hao waliobaki ndio mababu wa Wakalmiki wa leo. Malkia Catherine wa Pili alifuta utawala wao mwaka uleule.

Hata hivyo walijiona ni wenyeji wa dola ile. Vikosi vyao vilipigana na Napoleon, na mwaka 1814 wapandafarasi wa Kikalmiki waliingia Paris pamoja na jeshi la Urusi. Mwana wa kifalme aliyeongoza kikosi kimojawapo, Serebdzhab Tyumen, aliporudi nyumbani alijenga hekalu la matofali kando ya Volga kuadhimisha ushindi ule, likamalizika mwaka 1818. Umbo lake liliiga Kanisa Kuu la Kazan lililoko Saint Petersburg, lenye safu mbili za nguzo zilizojikunja kama mikono inayokumbatia. Hebu fikiri, msikilizaji: hekalu la Buddha lililochukua sura ya kanisa la Kirusi, kushukuru kwa ushindi wa Urusi. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo wa watu kuipenda nchi yao huku wakibaki na dini yao. Kiini cha jengo hilo bado kimesimama katika kijiji cha Rechnoye, mkoa wa Astrakhan. Zile safu za nguzo zilibomolewa wakati wa utawala wa Kisovieti.

Wakati mapinduzi ya 1917 yanatokea, Wakalmiki walikuwa na mahekalu zaidi ya 90. Wao huliita hekalu khuruli. Kufika mwisho wa miaka ya 1930 halikubaki hata moja lililokuwa wazi. Watawa walikamatwa, wengine wakapigwa risasi, wengine wakapelekwa kambini. Vitabu vilichomwa, sanamu za shaba zikayeyushwa. Waorthodoksi, Waislamu na Wayahudi wa Urusi nao waliumia miaka ile, hilo halina ubishi. Tofauti ni kwamba kwa taifa dogo lenye watawa wachache, kumuua mwalimu mmoja kulikuwa ni kukata mlolongo mzima wa mafundisho.

Kisha kikaja kile ambacho kila familia ya Kikalmiki inakibeba hadi leo. Wajerumani waliiteka Elista mwaka 1942, wakakaa miezi michache. Baadhi ya Wakalmiki walijiunga nao. Wengine, zaidi ya 20,000, walikuwa jeshini upande wa Urusi wakipigana na Wajerumani haohao. Stalin hakutaka kutofautisha. Mnamo tarehe 28 Desemba 1943, alfajiri, askari waligonga milango ya nyumba za Wakalmiki kila kijiji kwa wakati mmoja. Walipewa muda mfupi wa kufungasha. Wazee, wajawazito, watoto wachanga, wake wa wanajeshi waliokuwa vitani, wote walipakiwa kwenye mabehewa ya kubebea mifugo, wakapelekwa Siberia katikati ya majira ya baridi kali. Walikuwa zaidi ya 93,000. Jamhuri yao ilifutwa kwenye ramani. Mwaka uliofuata hata wale waliokuwa mstari wa mbele wakipigana walitolewa vikosini kwao kwa sababu tu ya kabila lao, na wengi wakapelekwa kufanya kazi za sulubu.

Maelfu walikufa, kwanza ndani ya mabehewa, kisha katika miaka ya mwanzo ya uhamisho, kwa baridi, njaa na maradhi. Waliobaki walitawanywa Altai, Krasnoyarsk, Omsk, Novosibirsk na kwingineko, familia mbili hapa, tatu kule, mbali sana wao kwa wao. Amri ya Novemba 1948 ilisema uhamisho huo ni wa milele, na atakayetoroka atafungwa miaka 20 ya kazi ngumu.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo. Dini hii ilikuwa haina hekalu, haina chuo, haina kitabu kilichochapishwa, haina mtawa anayeweza kuvaa joho lake. Nchi yenyewe ilikuwa imefutwa. Iliishi kwa njia gani kwa miaka 13? Iliishi kwa akina bibi. Wanawake wazee walificha sanamu ndogo na picha takatifu chini ya nguo ndani ya masanduku. Tasbihi ilikaa ndani ya shati la sufi. Siku za mfungo, wanawake watatu au wanne walikutana kwenye chumba cha mmoja wao, pazia likashushwa, wakanong'ona sala walizokariri utotoni. Wengi wao hawakujua Kitibeti, na sala nyingi zilikuwa kwa Kitibeti, lakini walizihifadhi kwa masikio na moyo. Chai yao ya maziwa, chumvi na siagi ilipochemka, kijiko cha kwanza kilitolewa sadaka kabla mtu hajanywa. Zilipofika sikukuu za Zul wakati wa baridi na Tsagan Sar ya kukaribisha majira ya kuchipua, walikaanga vitumbua vyao vya unga kwa mafuta yoyote yaliyopatikana, wakawapa watoto, wakawaambia wasiseme shuleni.

Nimesoma na kusikiliza masimulizi mengi ya watu waliokuwa watoto wakati ule, nami naona heshima inayostahili kwa wanawake wale bado haijatolewa. Vitabu vya historia vinapenda maaskofu, mashehe na malama. Lakini Ubuddha wa jadi wa Ulaya haungekuwepo leo bila wanawake wasiojua kusoma, waliokuwa wakikata magogo mchana kwenye misitu ya Siberia na kuwasha kipande cha uzi ndani ya mafuta usiku, badala ya taa ya siagi.

Baada ya Stalin kufa, Wakalmiki waliruhusiwa kurudi, na mwaka 1957 eneo lao lilirudishwa. Dini haikurudishwa. Kwa miaka 30 zaidi, serikali ya Kisovieti haikukubali hata nyumba moja ya sala. Watawa wachache waliotoka hai kambini waliishi kama wazee wa kawaida. Mmoja wao, Tugmyud-gavji, aliyefariki mwaka 1980, watu walimwendea kwa siri kumwomba dua, dawa na jina la mtoto aliyezaliwa. Kila mtu kijijini alijua, na kila mtu alinyamaza.

Kulikuwa pia na Wakalmiki wengine, mbali. Hao walikimbia mwaka 1920 pamoja na jeshi lililoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mamia kadhaa walifika Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, wakafanya kazi ya ukuli, ushonaji na kuendesha mikokoteni. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha matofali aliwapa kiwanja na matofali, na mwaka 1929 wakafungua hekalu lao, mojawapo ya mahekalu ya kwanza kabisa ya Kibuddha kujengwa Ulaya nje ya Urusi. Liliharibiwa katika mapigano ya mwaka 1944, na baadaye likabomolewa. Baada ya vita wakajikuta katika kambi za wakimbizi Ujerumani. Walitaka kwenda Marekani, lakini sheria za uhamiaji za Marekani wakati ule ziliwabagua watu wenye asili ya Asia. Kesi ya mume na mke wa Kikalmiki ilifika mbele ya wakubwa wa uhamiaji, na mwaka 1951 ikaamuliwa kwamba watu hawa, kwa kuwa wameishi Ulaya kwa karne nyingi, wasihesabiwe Waasia. Kwa hiyo Urusi iliwafukuza ndugu zao kama wageni wasioaminika, na Marekani ikawapokea wao baada ya kukubali kwamba ni wa Ulaya. Mamia walihamia New Jersey na Philadelphia, wakajenga mahekalu tena.

Kutoka katika jamii hiyo ya Philadelphia alizaliwa, mwaka 1972, mtoto aliyeitwa Erdne Ombadykow. Alipokuwa mdogo alisema anataka kuwa mtawa, wazazi wake wakampeleka kwenye monasteri ya Drepung Gomang, kusini mwa India, ambayo Watibeti waliokimbia nchi yao waliijenga upya huko. Alikulia huko. Alitambuliwa kuwa ni kuzaliwa upya kwa mwalimu wa kale wa India, akapewa heshima ya kuitwa Telo Tulku Rinpoche. Dalai Lama, kiongozi wa Ubuddha wa Kitibeti, alipozuru Kalmykia kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kijana huyu alifuatana naye. Mwaka uliofuata Wakalmiki walimchagua kuwa mkuu wa dini yao. Alikuwa hajafika umri ambao wengi wetu tunamaliza chuo, hakijui Kirusi, na nchi nzima ilikuwa inamtazama. Kazi ilimwelemea, akarudi Marekani kwa muda. Kisha akaja tena, akakaa, na chini ya uongozi wake mahekalu kadhaa yalijengwa Kalmykia. Lile kubwa la Elista, ambalo Dalai Lama alikibariki kiwanja chake mwishoni mwa mwaka 2004, lilifunguliwa tarehe 27 Desemba 2005, siku moja kabla ya kumbukumbu ya kufurushwa.

Ukitazama miaka ile ungesema dini ya wachache imepata haki yake. Sheria inaitaja, serikali ya jamhuri inaichangia, Tsagan Sar ni siku ya mapumziko. Lakini tayari kulikuwa na kidonda. Tangu ziara ile ya 2004 Dalai Lama hajaruhusiwa kuingia tena Urusi, kwa kuwa Moscow haitaki kuiudhi China. Kwa mfuasi wa Ubuddha wa Kitibeti hilo si jambo dogo, kwani huyo ndiye mwalimu anayetegemewa kumpa baraka na mafundisho. Wakalmiki walituma maombi, wakakusanya sahihi, bila mafanikio. Walichoweza kufanya ni kusafiri hadi Riga, nchini Latvia, ambako Dalai Lama alifika mara kadhaa kuwafundisha Wabuddha wa Urusi, mara ya mwisho mwaka 2018. Bibi wa kijijini mwenye pensheni ndogo hawezi safari hiyo. Na hao akina bibi ndio walioibeba dini Siberia.

Halafu ikaja vita ya Ukraine. Septemba 2022 serikali ilipotangaza kuwaita watu jeshini kwa lazima, vijana wengi wa Kikalmiki walivuka mipaka kwenda Kazakhstan na Mongolia. Viongozi wengi wa dini nchini Urusi waliiunga mkono vita au walinyamaza. Ndivyo ilivyokuwa hata upande wa Wabuddha: mkuu wa Wabuddha wa Buryatia, jamhuri nyingine ya Urusi, Damba Ayusheev, aliiunga mkono hadharani. Telo Tulku Rinpoche hakufuata njia hiyo. Mwanzoni mwa Oktoba, katika mahojiano yaliyorushwa kwenye mtandao, alisema kwamba vita hii haihitajiki, kwamba haki iko upande wa Ukraine inayojilinda, na kwamba anawaelewa Wakalmiki wanaokimbia wasiende kuua. Alisema kwa upole, bila kumtukana mtu. Amri ya kwanza ya dini yake ni kutoua. Angefundisha nini kingine?

Januari 2023 Wizara ya Sheria ya Urusi ilimweka kwenye orodha ya mawakala wa kigeni. Papo hapo alitangaza kujiuzulu, ili jumuiya yake isiadhibiwe kwa ajili yake. Alikuwa amewaongoza Wakalmiki kwa miaka 30. Walimpata mrithi miongoni mwa watawa wao waliosoma India, na hekalu la Elista linaendelea na ibada zake.

Ninaposema kutajwa kwenye sheria ni haba, hii ndiyo maana yangu. Dola inayokubali mahekalu, sikukuu na mavazi, halafu ikamwadhibu mtawa kwa kusema kuua ni kubaya, imeikubali ngozi ya dini ikaikataa nyama yake. Wakalmiki waliadhibiwa mwaka 1943 kwa kuambiwa si watiifu. Mwaka 2023 kiongozi wao alipewa jina lililo karibu sana na lile. Katika nyakati zote mbili kosa halikuthibitishwa mbele ya hakimu. Iliandikwa orodha tu, ikatosha.

Yupo msikilizaji atakayesema Telo Tulku ni raia wa Marekani, na kila nchi ina haki ya kujihadhari na wageni. Naipima hoja hiyo kwa uzito wake. Lakini wazee wa ukoo wake hawakuiacha nchi yao kwa kupenda. Walitolewa na vita, na walioachwa nyuma walifurushwa kwa mabehewa. Mtu akimfukuza jirani yake, kisha mjukuu wa yule jirani akarudi kukarabati nyumba ya ukoo, haifai kumwambia yeye ndiye mgeni.

Mwaka 2025 Dalai Lama alitimiza miaka 90. Wakalmiki waliozaliwa katika nyumba za mbao za Siberia nao wamezeeka, na wengi wao hawatapanda ndege kwenda India. Kama serikali ya Urusi inayaamini maneno iliyoyaandika yenyewe mwaka 1997, ina mambo mawili ya kufanya: ilifute jina la Telo Tulku Rinpoche kwenye orodha ile, na impe Dalai Lama ruhusa ya kufika Elista, wazee hao wamwone wakiwa hai.